Kadi ya Jogoo

Mwaka 1974 watu wa Dagoretti walimwangusha Njoroge Mungai, waziri wa mambo ya nje, tena jamaa yake Mzee Kenyatta. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, lakini kura ilikuwa ya siri, na siri hiyo iliwanyima mawaziri usingizi.

Juni 1982 kifungu cha 2A kikaingizwa kwenye katiba, chama kimoja kikawa sheria. Bado tulijifariji kwamba kwenye karatasi ya kura mtu ni huru. Ndipo mlolongo ukaja. Katika mchujo wa Februari 1988 ulisimama nyuma ya picha ya mgombea wako, juani, huku chifu anakutazama, mwajiri anakutazama, na anayekudai anakutazama vilevile. Mwalimu mmoja, ambaye jioni zote alikuwa akimsema mheshimiwa kwenye kibanda cha chai, alikwenda taratibu akajipanga nyuma ya picha ya mheshimiwa huyohuyo. Hakuna aliyemcheka. Sote tulikuwa na karo ya kulipa.

Aliyepata zaidi ya asilimia 70 hapo alipita bila kupingwa; Machi, wakati wa kura ya siri, yeye alikuwa amekwishamaliza. Kwingine mstari mfupi ulitangazwa mrefu mchana kweupe. Ungelalamika vipi? Karatasi huhesabiwa upya, lakini watu wakishaenda nyumbani utahesabu nyayo?

Kupanga mstari kulitaka uwe mwanachama, kwa hiyo kadi ya jogoo, alama ya KANU, ikawa ya lazima kama kitambulisho. Vijana wa chama waliidai hata mlangoni mwa soko. Mama mmoja muuza sukumawiki aliifunga kwenye leso pamoja na chenji, isipotee.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Tukanyoosha vidole viwili hewani, ishara ya vyama vingi, tukaamini tumemalizana na uanachama wa shuruti.

Mwaka 2021 Wakenya walianza kukagua majina yao kwenye sajili za vyama, na wengi wakajikuta humo bila habari. Mpwa wangu alinijia na simu mkononi: "Mjomba, mimi nilijiunga na hawa lini?" Yule mama wa leso angalau alitoa pesa yake akajua amenunua nini. Mpwa wangu alijiondoa, ingawa nilimwonya afikirie kwanza: huku kwetu ni ngome ya chama hicho, asiye mwanachama hapigi kura kwenye mchujo wake, na anayepata tiketi huanza kushona suti ya kuapishwa kabla hata kampeni hazijaanza.