Nimekubali Nini?

Mwezi uliopita nilipita Mirongo, katika duka la stesheneri la mpwa wangu, kijana anayejifunza kuandika programu. Alikuwa akimjazia mama mmoja, muuza dagaa wa Mwaloni, fomu ya mtandaoni ya ofisi ambayo sitaitaja. Mwishoni palikuwa na aya ndefu ya Kiingereza na kisanduku. Kijana alitia alama ya vema, akatuma. Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, nimekubali nini?"

Hakuna aliyemjibu. Nami nilikuwapo, nimeketi na shahada yangu ya uzamivu, nikisoma gazeti.

Mama alipoondoka, niliomba nioneshwe jinsi fomu inavyosafiri. Mpwa wangu akafungua programu fupi aliyoiandika kwa Python. "Mjomba," alinieleza, "ombi ni kama barua. Ndani ya bahasha mna data za fomu: jina la kila sehemu, alama ya sawasawa, kisha kilichojazwa. Juu ya bahasha kuna vichwa: kimoja husema data zimepangwa kwa mtindo gani, kingine hutaja programu inayotuma, na hiki, Accept-Language, husema mtumaji anaomba kujibiwa kwa lugha gani."

Niliduwaa. Kumbe waliobuni taratibu za mtandao walikwisha kutuwekea nafasi ya kuomba lugha yetu, na Kiswahili kina msimbo wake wa herufi mbili: sw. Akauandika, akaomba ukurasa uleule. Jibu likarudi kwa Kiingereza. Kichwa kile ni ombi, si amri. Seva huweza kukipuuza.

Basi, ndugu msomaji, mashine imeuliza. Asiyejibu ni binadamu aliyeandaa ukurasa kwa lugha moja. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ili mwananchi aelewe anavyohukumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazungumzia ridhaa. Je, kuna ridhaa katika maneno yasiyoeleweka? Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba. Tarehe 8 tunarudi kwenye fomu zetu.

Sijitoi katika lawama. Fomu ninazowapa wanafunzi wangu ni za Kiingereza, na sijawahi kumuuliza hata mmoja kama ameelewa anachotia saini.

Kesho yake tulimfuata mama yule sokoni, nikamsomea aya ile kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza huku akipima dagaa. Nilipofika panaposema namba yake ya simu yaweza kupewa taasisi nyingine, aliweka kopo chini.

"Hilo, Mwalimu, ningelikataa."

Lakini fomu ilikuwa imekwisha kutumwa.