Msasa wa Pembeni

Nilipomaliza darasa la saba, miaka ya tisini, nilipelekwa Ifakara kwa mjomba kujifunza useremala. Bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, lilikuwa wilayani humo humo, Kilombero, lakini bandani kwa mjomba hapakuwa na hata taa. Msumeno, randa, patasi, msasa: vyote kwa mkono.

Kazi ya mwanagenzi ilikuwa kuziba nyufa na kupiga msasa pembeni. Dawa yetu ilikuwa vumbi la mbao ile ile likikandwa na gundi nyeupe, la mninga kwa mninga, la mvule kwa mvule. Ikikauka husinyaa, kwa hiyo unaziba tena kesho yake ndipo usugue. Uso wa meza hauna ujanja. Tabu iko pale mguu unapokutana na ubao, au ndani ya mchirizi wa nakshi. Kidole hakifiki, na kikifika kinachimba shimo. Mjomba alikunja karatasi ya msasa mara tatu ipate ukingo mgumu, au akaigandisha kwenye kipande cha mwanzi kilichochongwa bapa; kwenye mchirizi aliiviringisha juu ya msumari. Kwa nakshi ndogo alitumia walichotumia wazee waliomfundisha, majani makavu ya mti wa msasa wenyewe, kwa sababu yanakwaruza huku yakifuata umbo.

Pembeni nyuzi za mbao mbili zinakutana, moja imesimama na nyingine imelala. Ukisugua kwa kukatisha, huoni kitu mpaka upake vanishi. Hapo mikwaruzo yote inatokeza, na mjomba husema neno moja tu: “Mpwa, rudia.”

Kisha ukaja mtiki. Kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianzishwa mwaka 1992 kupanda miti hiyo Kilombero na Ulanga, na baada ya miaka mbao zake zikaanza kufika kwetu. Mtiki una mafuta, na gundi huushika kwa shida. Dawa yetu ya vumbi ikawa inabanduka wakati wa kusugua. Vijana wakahamia puti ya mafundi wa magari. Hiyo inashika, ila inakauka ikiwa ngumu kuliko mbao: msasa unakula mbao ya pembeni, puti inabaki imevimba kama chunusi. Mimi siipendi mpaka leo.

Umeme ulipofika bandani tulinunua mashine ya msasa. Ina kitako cha duara, na duara haliingii kwenye pembe. Ndiyo iliyotufundisha kusugua kila ubao kabla ya kuunga, jambo ambalo mjomba aliliona uvivu. Hapo naiunga mkono mashine. Kinachobaki baada ya kuunga ni gundi iliyofurika kwenye maungio, na hiyo bado inataka mwanzi.

Jambo moja la zamani silitamani hata kidogo. Ukifanya kazi ya pembeni uso unakuwa karibu na mbao, na vumbi unalipuliza kwa mdomo. La mvule lilitupigisha chafya mchana kutwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani, ya pua hasa. Sisi tulivaa barakoa kwa mara ya kwanza mwaka 2020, tena kwa hofu ya ugonjwa mwingine.

Tangu daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, lichukue nafasi ya kivuko mtoni Kilombero, mbao na wateja wa ng'ambo wanavuka saa yoyote. Oda zimeongezeka, haraka nayo, na vanishi nyeusi inaficha mengi. Kwa hiyo ukienda kununua kabati, usipapase mlango wa mbele. Ufungue, uingize kidole kwenye pembe ya ndani kule chini. Pakikwaruza, usilipe kwanza. Mwambie fundi arudie.