Damu Isiyouma



Shangazi yetu aliolewa Kisumu kutoka Mombasa, akaishi mtaa wa Kaloleni zaidi ya miaka 30. Siku moja aliona damu katika mkojo. Haikumuuma, na baada ya siku mbili ikakoma. Kwa haya alimnong'oneza dada yetu mkubwa peke yake. Nasi tulipopata habari tulijibu kama watu wa pwani wajibuvyo: "Ni kichocho hicho." Tukamnunulia vidonge, tukatulia.

Mambo mawili hatukuyajua. Kichocho cha mkojo ni chetu zaidi sisi wa pwani, kama vile Kwale na Mto Tana. Kile kilichoenea ukingoni mwa Ziwa Victoria hushika hasa matumbo na ini. Tena, saratani ya figo nayo huweza kutoa damu isiyo na maumivu, ikaja na kuondoka, ikamhadaa mtu kwamba amepona.

Miezi 8 baadaye, ubavu ulipoanza kumuuma na mwili kukonda, tulimpeleka Hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji waiitayo Russia. Picha zilionyesha uvimbe katika figo ya kushoto, na alama nyingine mapafuni.

Daktari alitueleza kwa upole kwamba uhai wa mgonjwa wa maradhi haya hutegemea ukali wa saratani yenyewe na nguvu za mwili wake, lakini zaidi ya yote hutegemea maradhi yamefika wapi siku yanapogunduliwa. Takwimu za Marekani zaonyesha kuwa saratani ikiwa ingali ndani ya figo, takriban wagonjwa 9 katika 10 huishi miaka 5 au zaidi. Ikishasambaa mbali, hawafiki 2 katika 10. Figo yenye uvimbe huweza kuondolewa mapema, na mtu akaishi kwa ile iliyobaki.

Shangazi alitangulia mbele ya haki kabla Ramadhani haijarudi. Dini yetu yatukataza kusema "lau" kwa majuto. Hatuandiki, basi, kwa kuipinga kadari, bali kwa kuwa kutafuta tiba nako tumeamrishwa.

Haya ni pambo la Muislamu, lakini haikuwekwa imfiche mgonjwa mbele ya wanawe. Akina mama, mkiona damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, semeni. Mkapimwe mkojo na kupigwa picha. Nasi watoto, tusijifanye madaktari wa mama zetu.