Mkufu wa marijani

Wadau, rafiki yangu anakusanya akiba anunue mkufu wa marijani. Nimemwambia asiharakishe. Matumbawe mengi ya pwani yetu yana mifupa meupe. Rangi zile za kuvutia ni za mwili laini na mwani mdogo mno unaoishi ndani yake. Yakifa, rangi nayo inakwenda. Marijani nyekundu ya Mediterania ni nyingine: wekundu umo kwenye mfupa wenyewe. Mafundi wa Torre del Greco, Italia, huchonga na kung'arisha tu. Ila hukua taratibu mno, ndiyo maana ni ghali. Ukiuziwa kwa bei chee, chovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ufute. Pamba ikiwa nyekundu, umeuziwa rangi. Mnasemaje?