Rangi ya Mwisho

Uzee hutazamwa na wengi kama ghala lililokwisha kutolewa mavuno: kilichosalia ndani yake ni makapi na vumbi. Wazo hili si la vijana peke yao. Wazee pia hulipokea, wakakunja mikono kabla ya mikono yenyewe kukataa kazi.

Katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, alikuwako fundi mwanamke aliyeshona mifarishi ya kitanda kwa miaka mingi. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, alifunga sanduku la vitambaa. Mfarishi hutaka mshono ulionyooka, naye hakuridhia kazi mbovu itoke nyumbani mwake. Sanduku lilikaa limefungwa mwaka mzima.

Mwezi wa Oktoba vilima vya jimbo lile hubadili mavazi. Mchana hufupika, usiku hupoa, na jani huacha kuunda klorofili, yaani ile rangi yake ya kijani. Manjano inayotokea hapo si ngeni. Ilikuwamo ndani ya jani kabla, imefunikwa na kijani. Walakini wekundu wa mti wa mepoli una habari nyingine. Haukuwako wakati wa joto; jani huuunda upya kwa sukari iliyomo ndani yake, wakati wa kuanguka umekaribia. Fundi alipoyajua haya, alilirudia sanduku lake.

Hakuthubutu kuanza mfarishi wa kitanda. Alichagua mandhari ndogo ya kitambaa, upana sentimita 40 na kimo sentimita 30, ya kutundikwa ukutani. Heshima hiyo mifarishi ilikwisha kuipata: mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney, mjini New York, liliitundika ya kitanda kutani kama picha za wachoraji. Alianza na mbingu, akashuka. Vilima vya mbali alivikata katika buluu iliyofifia na kijivu, kwa kuwa umbali hula rangi; vya karibu katika rangi ya chungwa, dhahabu na hudhurungi. Kila kipande kilifunika ukingo wa kilichotangulia. Chini yake aliweka tabaka la pamba na kitambaa cha nyuma, akapiga bandi matabaka yote matatu yasiteleze.

Ikafika zamu ya kushona, na aibu ikamrudia. Mishono ilipinda. Alifumua, akashona, ikapinda tena. Alipotaka kufumua mara ya tatu, aliinua macho dirishani akatazama mpaka wa kilima na mbingu: haukunyooka mahali popote. Akaacha kufumua. Mishono ile ikawa matawi, matuta na njia ya maji. Kisha alitwaa kipande chekundu cha gauni la marehemu mama yake, ambacho kwa miaka mingi hakuwa na moyo wa kukitia mkasi, akakikata vidogo vidogo, ukawa mti mmoja mbele ya vilima vyote.

Mkono haukupona. Picha ile haikuwa na unadhifu wa mifarishi yake ya zamani. Ilikuwa na uzuri ambao mkono imara usingeweza kuushona.

Basi mzee anayekunja mikono kwa sababu haiwezi tena kazi ya jana, na alifungue sanduku kwanza. Ziko rangi ambazo ujana huzifunika, na iko moja ambayo haiundwi ila mwishoni.