Kenge wa Mto Maas

Mto Maas hupita katikati ya mji wa Maastricht, kusini mwa Uholanzi. Karibu na ukingo wake pana kilima cha mawe laini ya chokaa, yaliyochimbwa karne nyingi kwa ujenzi. Tulipopita ndani ya mahandaki yake, tuliziona kuta ambazo zamani zilikuwa tope la chini ya bahari.

Humo, katika karne ya 18, wachimbaji walikuta mataya makubwa yaliyogeuka mawe. Baadhi ya watu walisema ni ya mamba. Mwanazuoni Petrus Camper akashikilia kuwa ni ya nyangumi. Alipofariki mwaka 1789, mwanawe Adriaan aliyachunguza upya, akahitimisha kuwa ni ya mjusi mkubwa, jamaa ya kenge tumjuaye. Georges Cuvier alimuunga mkono mwaka 1808. Dalili mojawapo ni meno madogo kwenye kaakaa: mamba hana, wala nyangumi. Mwaka 1822 mnyama huyo aliitwa Mosasaurus, yaani mjusi wa Maas. Fuvu lake liko Paris. Jeshi la Ufaransa liliuteka mji mwaka 1794, nalo likachukuliwa.

Wazazi wenzetu, tuzingatie. Adriaan alimrithi babake elimu, hakumrithi kosa. Mtoto akitujia na dalili, tusimnyamazishe kwa umri wetu. Naye tumfunze kusahihisha kwa adabu. Haki haimpunguzii mzazi heshima.

Wallahu a'lam.