Mlingoti na Ngozi

Mchezaji mgeni katika vilabu vya usiku vya Portland, nchini Marekani, aghalabu hujifunza mlingoti saa za alasiri, wateja wakiwa bado wachache. Mwalimu wake ni mchezaji mkongwe aliyemwonea huruma, na chuma chenyewe, kipenyo chake milimita 45 au 50.

La kwanza aambiwalo ni kutojipaka mafuta. Nguo huteleza, ngozi hushika: paja, kwapa, kikunjo cha goti. Atazamaye kwa mbali hudhani uchi ule ni wa kuuza macho tu. Biashara ipo, haikataliki. Lakini aliyevaa suruali ya hariri hawezi kukaa juu pasipo mikono. Mkwezi wa minazi angelielewa hili upesi, ingawa huenda asingependa kufananishwa.

Kisha huja michubuko. Mapaja hugeuka rangi ya zambarau, naye huyafunika kwa poda, kwani mteja hakuja kutazama majeraha. Katika vilabu vingi mchezaji hana mshahara. Yeye ndiye alipaye ada ili aruhusiwe kucheza usiku ule. Mwaka 2023 wachezaji wa klabu moja ya Los Angeles walijiunga na chama cha waigizaji, Actors' Equity, na usalama wa jukwaa ulikuwa miongoni mwa madai yao.

Siku aachiapo mikono yote miwili kwa mara ya kwanza, kichwa chini, mezani wapo watu watatu. Mmoja anatazama simu. Apigaye makofi ni yule mkongwe, pembeni.